Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wahudumu wa Kusafisha Damu, Arusha

Ndugu wanachama,

Ya ndani nayapitia haraka: vikao vya kamati vimefanyika, ada inalipwa, na wachache wenye madeni wanajijua.

Mafunzo ya mwaka huu tuliyaelekeza kwa mgonjwa aliyezidisha dawa. Tumezoea wagonjwa wa figo wanaokuja kwa ratiba. Huyu analetwa usiku, ndugu wamejaa mlangoni wakiuliza, "Sista, mbona hamumweki kwenye mashine?"

Inategemea amemeza nini. Mashine inasafisha kilichomo kwenye damu, basi. Lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, na metformini, ya kisukari, hupita vizuri kwenye chujio. Aspirini kwa dozi ya kawaida hushikana na protini za damu, lakini ikizidi, protini zinajaa na nyingine inabaki huru. Hapo ndipo mashine inapoiwahi. (Kwa wanaodhani mashine hizi zilizaliwa kwa ajili ya figo tu: mwaka 1913, huko Baltimore, John Jacob Abel na wenzake waliijaribu ya kwanza kwa mbwa waliopewa salisileti, jamii ya aspirini.) Amitriptilini, dawa ya sonona, ni habari nyingine. Ikishazama kwenye tishu, utachuja mpaka asubuhi na utatoa kiduchu. Parasetamoli nayo ina dawa yake, asetilisisteini, na mashine ni ya wachache wanaofika wakiwa mahututi. Kwa hiyo wakati mnamhudumia mgonjwa, mtumeni ndugu mmoja arudi nyumbani akalete maganda ya vidonge, hata yaliyotupwa jalalani.

Kwa lithiamu, msikimbilie kutoa katheta, ule mrija wa kwenye mshipa. Kipimo cha dawa kwenye damu kinaweza kushuka vizuri mashine ikiwa inazunguka, halafu saa chache baadaye dawa iliyobaki ndani ya seli ikarudi kwenye damu na mgonjwa akaanza kutetemeka upya. Pimeni tena.

La maji nalisema kila mwaka na leo nalirudia. Mgonjwa akikaa saa nne, maji ya mashine yakipita kwa mililita 500 kwa dakika, ametumia lita 120. Sisi wa Arusha floraidi tunaijua, meno yetu yanasema. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita; ya mashine hayatakiwi kuzidi 0.2. Dharura ya usiku haifuti kipimo cha maji, hata daktari akifoka.

Nafasi ya katibu iko wazi. Mhazini atasoma hesabu baada ya chai.