Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Veracruz Darasani

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliamua tuache kupitisha wanafunzi kwenye "utamaduni wa Kihispania" wote, nchi ishirini ndani ya kipindi kimoja. Mwaka huu tumeshika kitu kimoja: son jarocho, muziki wa Veracruz, Meksiko. Watu hukusanyika kwenye fandango, wakazunguka jukwaa la mbao liitwalo tarima, wakaimba kwa kupokezana huku wengine wakicheza juu yake. Tarima ndiyo ngoma yenyewe. Mchezaji ndiye mpigaji.

Fedha nyingi zimekwenda kwenye tarima, na sioni kama tumekosea. Plaiwudi ya milimita 18, mita 1.2 kwa 2.4, hulazwa juu ya fremu yenye kimo cha sentimita 15 hivi, na ubavuni hutobolewa matundu sauti itoke. Tumia skrubu na gundi. Misumari hulegea kwa vishindo, jukwaa likaanza kupiga kelele. Ukiliweka juu ya zulia, sauti inakufa. Viatu vya raba havifai: havilii, tena hung'ang'ania mbao na kulitesa goti. Kisigino kigumu cha kiatu cha shule kinatosha.

Mguu hufundishwa kwa maneno kabla ya hesabu: ca-fé-con-pan, yaani kahawa na mkate, silabi moja kishindo kimoja. Kosa la karibu kila darasa ni kukanyaga kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho. Mwimbaji anapotoa ubeti, miguu hunong'ona tu. Akimaliza, ndipo inapounguruma. Asiyesikiliza shairi atakanyaga juu ya maneno ya mwenzake.

Jarana, gitaa dogo linalochongwa kwenye kipande kimoja cha mti, kwa kawaida lina nyuzi nane katika safu tano, zenye noti G-C-E-A-G. Ni ghali. Lakini safu nne za kwanza zinafanana na za ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne ambalo shule nyingi tayari zinalo, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G7 hushikwa kwa vidole vilevile. Darasa la watu 30 linahitaji ukulele 10. Wengine kumi waimbe, kumi wapokezane tarima, wawili wawili. Anzeni na wimbo wa La Bamba, yenye mapigo mawili mawili. Wimbo wa El Siquisirí ndio hufungua fandango, ila mwendo wake wa 6/8 (mapigo sita, matatu matatu) huwachanganya wanaoanza.

Marimbol, sanduku la besi ambalo mpigaji hulikalia na kudonoa ndimi zake za chuma, asili yake ni Afrika. Liwekeni kando ya ilimba ya Wagogo, nayo ya ndimi za chuma, watoto watauona udugu wenyewe.

Ombi la magauni meupe ya lesi kamati imelikataa. Hayo ni ya maonyesho ya jukwaani. Kwenye fandango ya kijijini mtu hucheza na nguo alizojia. Tunapendekeza fedha hizo zijenge tarima ya pili, maana foleni ya kusubiri zamu ndiyo inayovuruga darasa. Mkiridhia, mbao zitakatwa siku hiyohiyo ya mkutano. Mwenye bisibisi aje nayo.