Umeshatulipa, mbona spamu bado zinaingia?

Mteja mwingine ametupigia simu akiwa amekasirika. Seva yake ya barua pepe tuliikamilisha, akalipa, na asubuhi iliyofuata akakuta matangazo ya mikopo kwenye kikasha, huku kotesheni aliyokuwa akiisubiri kutoka kwa wakala wa forodha Mombasa imelala kwenye folda ya spamu. "Vijana, mmenila pesa," akasema. Maneno haya tunayasikia mno, nayo yanatuuma kwa sababu kazi hii hatuifanyi ovyo. Basi tueleze.

Kichujio tunachopendelea ni Rspamd. Kila barua inayoingia hupewa alama, na kadiri zinavyozidi ndivyo inavyoshukiwa kuwa spamu. SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni fulani (lile jina baada ya @), ikigoma, alama zinapanda. Sahihi ya DKIM, yaani muhuri wa kidijitali wa domeni iliyotuma, ikiwa sawa, zinashuka kidogo. Kiungo kikielekea kwenye tovuti ya matapeli, zinapanda tena. Kwa mipangilio yake ya kawaida, barua yenye alama 4 inaambiwa ingoje ijaribu baadaye, yenye 6 inatiwa alama ya spamu, na yenye 15 inakataliwa mlangoni.

Hayo yote kichujio kinayajua tangu siku ya kwanza. Kisichojua ni biashara yako. Sehemu inayojifunza maneno ya barua zako, yaani Bayes, haitoi uamuzi wowote mpaka ionyeshwe barua 200 za spamu na 200 halali. Ndiyo maana tunaunganisha folda ya spamu na kichujio: ukihamishia barua humo, kinajifunza, ukiitoa, kinajifunza kwamba kilikosea. Ofisi moja ya mawakili Upper Hill, Nairobi, ililalamika kwa miezi kwamba kichujio hakina akili. Tulipofungua takwimu, kilikuwa hakijafundishwa karibu chochote. Wafanyakazi walikuwa wanafuta spamu tu, na barua iliyofutwa haifundishi kitu.

Sasa njia ya mkato inayotusumbua kuliko zote. Barua ya bosi ikiingia kwenye spamu hata mara moja, mtu wa ofisini anaingia kwenye mipangilio na kuandika domeni yao nzima kwenye orodha ya walioruhusiwa. Duka moja la vipuri pale Kirinyaga Road lilifanya hivyo. Walikuwa wanatumia kichujio kingine, SpamAssassin, ambako barua ikifikisha alama 5 huhesabiwa kuwa spamu, na aliye kwenye orodha ile hupunguziwa alama 100. Baadaye mhasibu akapata barua "kutoka kwa mkurugenzi": mlipe msambazaji leo, akaunti yake imebadilika, hii hapa mpya. Akalipa. Tulipoitwa tukaisoma barua yenyewe. Ilitumwa kutoka seva ya nje isiyohusiana nao kabisa, haikuwa na sahihi ya DKIM, na SPF ilikuwa imeikataa. Kichujio kilikuwa kimeipa alama 14, kisha orodha ikaishusha hadi hasi 86. Kilimwona mwizi vizuri kabisa, ila kilishaagizwa kumpisha.

Jina la mtumaji kwenye barua pepe mtu yeyote anaweza kuliandika. Kwa hiyo tukimruhusu mtumaji, tunamruhusu kwa sharti kwamba barua yake ina sahihi halali ya DKIM ya domeni yake. Na domeni yako tunaiwekea DMARC, agizo linaloziambia seva za wengine zifanye nini na barua inayojifanya imetoka kwako: tunaanza na p=none (zisichukue hatua), tunasoma ripoti mpaka tujue mifumo yote inayotuma kwa jina lako (ule wa invoisi husahaulika kila mara), halafu tunapanda hadi p=reject (ziikatae). Kazi hiyo inachukua majuma.

Njia ya mkato ya pili ni kunakili mipangilio ya mtu mwingine. Mteja wa Industrial Area alisaidiwa na mpwa wake, akaweka orodha ya Spamhaus, ya watumaji wanaojulikana kwa spamu, kwenye Postfix, programu inayopokea barua kwenye seva. Orodha hiyo huulizwa kupitia DNS, mfumo wa majina na anwani za intaneti, na seva yake ilikuwa ikiuliza DNS kupitia 8.8.8.8, huduma ya umma ya Google. Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia huko. Inarudisha 127.255.255.254, yaani kosa, lakini mipangilio aliyonakili ilihesabu jibu lolote kuwa spamu. Barua zote zikakataliwa, hadi oda za wateja wake wakubwa. Sisi kila seva tunaiwekea resolva yake yenyewe, yaani programu ya kuuliza DNS bila kupitia kwa wengine, na tunaeleza jibu lipi lina maana gani. Tena huduma ya bure ya Spamhaus si ya matumizi ya kibiashara, kwa hiyo ukiona gharama hiyo kwenye invoisi yetu, hatukuibuni.

Kuhusu bei: ndiyo, yuko fundi mjini atakayekumalizia kwa alasiri moja, kwa bei ya chini. Kusakinisha kweli ni kazi ya alasiri moja. Tunachotoza ni zile wiki za mwanzo za kusoma kumbukumbu za seva kila asubuhi, kumfuatilia mtoa intaneti wako mpaka rekodi ya PTR, inayoonyesha anwani ya IP ya seva yako ni ya jina gani, iwe sawa, na kurekebisha alama moja moja. Na tukikwambia seva ya gigabaiti 1 ya RAM haifai, hatutafuti kukuuzia kubwa. ClamAV, inayokagua virusi kwenye viambatisho, peke yake inameza zaidi ya hiyo.

Spamu ikipenya, usitutumie picha ya skrini, wala usibonyeze kuisambaza kama kawaida, kwa sababu ile mistari ya juu inayoonyesha barua imepitia wapi na imepewa alama ngapi inapotea. Itume kama kiambatisho, faili lenyewe la .eml, kisha uihamishie kwenye folda ya spamu. Barua halali iliyonaswa, fanya vivyo hivyo, ila hiyo itoe kwenye folda na utuambie saa ilipoingia. Marekebisho ya aina hii katika miezi mitatu ya kwanza hatutozi.