Lile ombi la kamati, somo yangu

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, hofu na mashaka ni juu yenu. Shemeji mguu wake umepoa? Hilo nijibu hata kama mengine yote utayaruka.

Ama baada ya salamu, kilichonikalisha kuandika ni barua ya mwenyekiti. Amekuomba uingie kwenye kamati ya kisayansi ya mkutano wetu wa uundaji wa metali, na mpaka leo hujasema ndiyo wala hapana. Yeye amenyamaza kwa heshima, mimi siwezi. Nakujua. Umeona ni orodha ya majina ya kuchapwa mwanzoni mwa kitabu cha makala, watu wapate cheo, basi. Kamati za namna hiyo zipo, sikatai. Lakini hii yetu ina kazi, na safari hii kazi yenyewe imenikaa rohoni kwa sababu ya makala moja.

Jina la mwandishi sitakutajia, wala chuo chake. Hiyo ni amana. Ila jambo lenyewe nitakwambia, maana wewe ndiye wa kuambiwa.

Makala inahusu uvutaji wa kina: bamba la duara la aloi ya alumini linasukumwa na panchi, yaani nguzo ya chuma, kuingia kwenye dai, yaani kalibu yenye tundu, mpaka linakuwa kikombe. Kazi tunayoijua sote. Mwandishi ameiga zoezi zima kwenye kompyuta, kisha akachora nguvu ya panchi, na mstari wa jaribio na ule wa kompyuta umelaliana hata huoni upi ni upi. Mhakiki wa kwanza alifurahi, akapendekeza ikubaliwe bila marekebisho. Mimi nikarudi mwanzo, nikasoma polepole, na katikati ya aya ya mbinu nikakuta sentensi fupi inayosema kwamba namba ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi bamba linavyokwama likiteleza kwenye dai, ilichaguliwa ili hesabu ilingane na nguvu ya panchi iliyopimwa. Yaani mchoro umetumika kuitafuta namba, halafu namba ikatumika kuuchora mchoro uleule, na sasa mchoro unaletwa kwetu kama ushahidi. Hapo kimethibitishwa nini?

Subiri, kuna la masikio. Bamba lililobanwa likawa jembamba kati ya roli za kiwandani halina nguvu sawa pande zote, ndiyo maana ukingo wa kikombe huota masikio, yaani vilima na mabonde badala ya kuwa sawa. Niliikuza picha ya kikombe halisi nikahesabu: sita. Sasa kanuni aliyotumia kukokotoa ni lini metali itaanza kukubali umbo kwa kila upande ni ile ya Hill ya 1948, na kanuni hiyo kwa hisabati yake yenyewe haitoi zaidi ya masikio manne. Kwa hiyo kikombe cha kompyuta na kikombe cha mezani ni vikombe viwili tofauti, haijalishi mistari ya nguvu imelaliana vipi. Lakini ukingo wa kikombe cha kompyuta hauonyeshwi popote. Unene wa ukuta umelinganishwa kwenye mstari mmoja tu, ule unaofuata mwelekeo wa roli. Simsingizii mtu kwamba ameficha. Pengine hakuliona. Mhakiki ndiye wa kuliona.

Hill simlaumu, kanuni yake imetufaa sana kwenye vyuma laini. Lakini kwa alumini tumejua miaka mingi kwamba inapotea njia, na tangu Barlat na wenzake walipotoa kanuni zao mpya mwaka 2005, masikio sita au manane yanaweza kukokotolewa. Majaribio ya kuzilisha kanuni hizo ni mengi na yanachosha, najua. Asiyeweza kuyafanya basi aseme wazi kwamba kanuni yake inaishia hapa. Sentensi moja ingetosha!

Tulipokutana kujadili, mmoja akasema mkutano unahitaji makala, tusiwe wakali. Mwingine akasema namba ya msuguano kila mtu huipata hivyo. Hilo la kila mtu ndilo lililoniuma. Kama kila mtu anafanya hivyo, kamati iko kwa ajili ya nini?

Maana siyo kwamba njia ya kufanya vizuri haijulikani. Kumbuka yale majaribio ya pamoja ya NUMISHEET, mikutano ya kimataifa ya kuiga uundaji wa bamba kwenye kompyuta, hasa yale ya Japani mwaka 1993. Kikombe cha mraba kimoja, bamba moja la kukunjwa mfano wa mfereji, vipimo vya vifaa vilevile kwa kila kundi, kisha kila kundi likakokotoa kivyake. Majibu yalitawanyika, hasa kwenye kurudi kwa bamba baada ya kutolewa kwenye dai. Aibu? Hapana, lilikuwa jambo jema kuliko mengi tuliyowahi kufanya. Mtawanyiko ule ndio uliowalazimisha watu kulitazama bega la dai, ule ukingo wa mviringo bamba linapoingilia, kwa makini: pale bamba linakunjwa kisha linanyooshwa, na metali iliyokwisha kuvutwa upande mmoja hulegea mapema ikigeuziwa upande wa pili. Bauschinger alikuwa ameliona hilo tangu miaka ya 1880, lakini hesabu nyingi zilikuwa bado zinalipita kimya. Na kwa alumini kosa la namna hiyo huonekana zaidi, kwa kuwa ugumu wake wa kunyumbuka, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka kabla haijabaki na umbo jipya, ni kama gigapaskali 70 tu, na wa chuma ni 210. Kwa mkazo uleule, alumini hurudi karibu mara tatu zaidi. Fundi anayechonga dai kwa kutegemea hesabu iliyolazimishwa kulingana ataichonga upya, na upya tena.

Au chukua mstari wa kikomo cha kuunda, unaoonyesha bamba linaweza kuvutwa kiasi gani kabla halijaharibika, ule wa Keeler na Goodwin wa miaka ya 1960. Kila maabara ilikuwa na namna yake ya kusema hapa bamba limeanza kubanika shingo, yaani kuwa jembamba mahali pamoja karibu kupasuka, kwa hiyo chuma kilekile kilikuwa na vikomo tofauti kutegemea nani amepima. Ilibidi watu wakae, wabishane, wakubaliane juu ya panchi ya nusu tufe yenye kipenyo cha milimita 100, juu ya kupima pande zote mbili za ufa na kukadiria kwa hesabu hali ilivyokuwa shingo ilipoanza kubanika, mpaka mwaka 2008 ikatoka kama kiwango cha kimataifa, ISO 12004-2. Jina la mtu mmoja halimo humo. Ni kazi ya vikao, ya watu kusoma namba za wenzao bila kuoneana haya. Hiyo ndiyo kamati ninayoitaka, somo, na ndiyo ninayokuitia.

Makala ile nimeomba irudi kwa mwandishi. Apime msuguano kando, kwa kuvuta ukanda wa bamba kati ya vibano viwili, kwa mafuta yaleyale na shinikizo linalokaribia la kishikizi, kile kinachobana ukingo wa bamba wakati wa kuvuta. Atuonyeshe ukingo wa kikombe cha kompyuta. Kisha, hata mistari ikiachana, ataandika kwa nini imeachana, na makala hiyo nitaitetea kwa nguvu zangu zote. Mwenyekiti anasema anahitaji mhakiki wa tatu atakayesema na mamlaka juu ya msuguano. Nikakutaja wewe. Nani mwingine? Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba namba hiyo haitulii mahali pamoja, kwamba inabadilika shinikizo likipanda na mwendo ukibadilika, na mafuta yakiwa mengi mno au yakisukumwa nje.

Kuna na lingine, linanikera kwa upande wa pili. Binti mmoja, mwanafunzi, ameleta kazi ya subira: amekata sampuli kwenye koili nyingi, yale mabunda ya bamba lililoviringishwa, za chuma cha daraja moja na kuonyesha jinsi sifa zinavyotofautiana kutoka koili hadi koili. Hakuna fomula mpya ndani yake. Mhakiki akamjibu kwa mistari miwili: hakuna jipya. Hivi kweli? Sisi tunaokokotoa mpaka desimali ya nne tunahitaji sana kuambiwa kwamba chuma chenyewe hakitulii hata kwenye desimali ya pili. Nimeiombea isomwe upya. Kama hutaki ya masikio, basi chukua hii.

Yule wa tanuri anakusalimu. Naye ameingia, amepewa fungu la kufua na kusukuma metali moto, na tangu aanze hataki kuzungumza jambo jingine. Fundi mkuu naye, nasikia... lakini hayo tutaongea kwa simu.

Sasa nijibu. Utaingia au hutaingia? Kama ni muda, unaweza kusoma makala mbili tu, nimhakikishie mwenyekiti? Ile mashine yako ya kuvuta ukanda bado inafanya kazi, au waliihamisha walipobomoa maabara ya zamani? Vile vipimo vyako vya alumini, uliwahi kuvichapisha vyote? Naona mwandishi angenufaika navyo sana, na mimi pia. Utanikubalia nimwelekeze huko? Na shemeji, daktari amesemaje? Katibu anafunga orodha Ijumaa, kwa hiyo ukichelewa nitakupigia.

Ni mimi somo yako