Barua kwa mwanangu: ile nishani ya Nandi

Kibera, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Picha ya nishani uliyoiona mnadani huko London imenifikia, na tangu juzi usingizi haunijii vizuri, kwa maana ukisema "naitazama tu, baba," mimi najua umekwisha kuhesabu fedha. Usiinunue. Fedha ulizo nazo ni za ada na kodi ya chumba.

Nishani yenyewe ndiyo, sina ubishi. Ni ya madini ya fedha, upande mmoja Mfalme Edward wa Saba, upande wa pili Britannia, yule mwanamke wa kuashiria Uingereza, amesimama na simba wake, na utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Hicho kipande kinachokaa juu yake, NANDI 1905-06, cha vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi, ndicho kinachowafanya wauzaji wapandishe bei, pamoja na jina la afisa lililochongwa ukingoni. Lakini askari waliomfuata afisa huyo katika K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) nao walipewa nishani ya fedha ileile na utepe uleule, babu yangu akiwa mmojawapo, na yake ilikuwa na namba yake na jina lake, ingawa mwandishi aliliharibu jina hilo kwa herufi za Kizungu.

Usiniulize ilikokwenda. Bibi yako alikuwa akiificha chini ya tabaga, kile kifuniko chetu cha kusuka, juu ya kabati, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka redio. Redio yenyewe haikumaliza mwaka.

Sasa wewe unataka kulipia ya mtu mwingine! Najivunia kwamba ulisoma kile kipande ukajua maana yake, wala sikutegemea hivyo kwa mtoto aliyekuwa akisinzia wazee walipozungumza. Basi kumbuka na hili: tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikwenda kuonana na Meinertzhagen, afisa wa K.A.R., akidhani ni mazungumzo ya amani, akauawa kwa risasi. Fimbo zake za uongozi zilikaa Uingereza hadi mwaka 2006 ndipo zikarudishwa. Mume wa dada yako ni Mnandi. Akija kwako akaiona ukutani, utamweleza nini? Sisi wenyewe, watoto wa askari wa Kinubi waliotoka Sudan, hatujajua bado namna ya kulizungumza jambo hilo mbele yake, na mimi ndiye niliyenyamaza zaidi.

Malipo ya babu yangu hayakuwa nishani peke yake. Yalikuwa Kibera hii, iliyotangazwa mwaka 1918 kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197, na hati ya ardhi ya jumuiya yetu ilipotolewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Yeye hakuiona hata hiyo. Ukitaka kumtafuta, nenda katika nyaraka za jeshi ukalitafute jina lake, hata kama limeandikwa vibaya, maana kusoma ni bure. Kununua sitaki.

Mama yako anakusalimu. Paa la jikoni limevuja tena, na gurusa, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi, anazipikia barazani mpaka fundi atakapokuja, jambo aliloahidi Jumatatu mbili zilizopita. Picha nyingine usinitumie. Nitumie risiti ya kodi ya chumba.

Baba yako