Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama cha wagonjwa wa uchovu sugu, Tabora

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na poleni na safari ninyi mliotoka Sikonge na Urambo. Mambo mepesi niyamalize kwanza. Ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida yetu, vikao vya kila mwezi vimefanyika, na ukumbi tumeendelea kupewa bure. Mengine ya fedha ni ya mweka hazina.

Sehemu kubwa ya mwaka imemezwa na swali moja: mwenye ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaomwacha mtu hoi hata baada ya shughuli ndogo, afanye mazoezi au asifanye? Lilianza kwa mwenzetu wa Isevya, mwalimu mstaafu, aliyeambiwa kliniki kwamba utafiti wa Ulaya umethibitisha kuwa mazoezi yanaponya. Akapangiwa kuzunguka uwanja wa shule na kuongeza mzunguko kila wiki. Daftari lake nimeliona. Kurasa za mwanzo mwandiko umenyooka, wa kialimu hasa. Mbele ni alama za vema tu, kisha kurasa tupu. Binti yake alisema ilifika mahali mama ananyweshwa uji. Alipopelekwa tena, akaambiwa amekata tamaa mapema.

Kamati ikaona tuusome utafiti wenyewe, na tabibu tuliye naye chamani akatuongoza. Unaitwa PACE, ulifanyika Uingereza na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Uligharimu takriban pauni milioni 5. Wagonjwa 641 waligawanywa makundi manne: wote walipata huduma ya daktari bingwa, na makundi matatu yakaongezewa kitu, moja mazoezi ya hatua kwa hatua, jingine tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, la tatu kujipimia shughuli kulingana na nguvu. Mwaka 2013 watafiti wakatangaza kwamba asilimia 22 ya waliopewa mazoezi au mazungumzo wamepona.

Hapo ndipo tulipokaa sana. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama 0 hadi 100. Ili upokelewe kama mgonjwa, uwe na 65 au pungufu. Mpango wa awali ulisema aliyepona afikishe 85. Baadaye ikashushwa hadi 60. Maana yake, mtu angeweza kuingia na 65, akatoka na 60, na kwa kipengele hicho akahesabiwa mzima! Muuza mahindi anayebonyeza debe hapa sokoni angalau hujificha.

Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba takwimu ghafi. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, kilichokuwa nazo, kikakataa, shauri likafika kwenye baraza la rufaa, na mwaka 2016 kikaamriwa kuzitoa. Zilipokokotolewa upya kwa vigezo vya mwanzo, waliopona walikuwa chini ya asilimia 10, na tofauti ya maana kati ya makundi haikuonekana tena. Niwatendee haki watafiti: wanasema vigezo walivibadili kabla ya kuchambua matokeo, kwa idhini ya wasimamizi wao, na hadi leo wanautetea utafiti wao. Mimi hawajaniridhisha.

Kuna kasoro nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Kila mgonjwa alijua tiba anayopewa, na matokeo makuu yalitokana na majibu yake mwenyewe kwenye fomu. Ukiambiwa miezi kadhaa kwamba tiba hii inafaa, utajibu nini? Norway walipata funzo hilo kwa dawa ya rituximab, waliyotumaini ingeutibu ugonjwa huu. Majaribio ya awali yalitia moyo sana. Walipoijaribu kwa wagonjwa 151, huku mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa dawa na nani dripu isiyo na dawa, matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuonyesha tofauti yoyote.

Mwongozo wa tiba wa Uingereza uliobadilishwa Oktoba 2021 hauruhusu tena mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika, na mazungumzo umeyabakiza kama msaada wa kuishi na ugonjwa, si tiba ya kuuponya. Huko nako baadhi ya madaktari walipinga, kama alivyopinga mwanachama wetu mtaalamu wa viungo, aliyetuonya kwamba kulala tu kunadhoofisha misuli. Ana hoja. Lakini mgonjwa wa uchovu sugu hujulikana kwa jambo moja: akizidisha kidogo leo, hali inamgeukia kesho au keshokutwa, na hapo ndipo ratiba ya kila wiki inapomuumiza.

Kamati inaomba mambo mawili yapigiwe kura leo. Kwanza, tuandae karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mwanachama ataenda nayo kituo cha afya, ieleze hali hiyo ya kuzidiwa baada ya shughuli, na isisitize pia kwamba apimwe malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu na tezi ya shingo kabla ya kuitwa mgonjwa wa uchovu sugu. Pili, vikao vihamie asubuhi, maana wengi wetu saa tisa alasiri nguvu zimeshakwisha.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Fomu anazo mama mhazini pale mlangoni, na hesabu atazisoma baada ya chai.