Wasusi walipwe kwanza, soko baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaoandaa masoko ya zawadi ya hisani kabla ya Krismasi. Sisi akina mama wa kikundi chetu hapa Moshi mwaka huu zamu ya kupanga meza imetuangukia.

Tuache kuchukua vikapu kwa mali kauli. Msusi wa Iringa amekata milulu, ameianika, amesuka hadi vidole vinauma, halafu tunamwambia asubiri mpaka kiuzwe? Kisipouzwa anarudishiwa na vumbi lake, na nauli ni juu yake. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) zinataka kazi za mikono zilipiwe angalau asilimia 50 mapema, bila riba, mzalishaji akiomba. Wanunuzi wa ng'ambo wanaweza, sisi majirani tunashindwaje?

Kibandiko cha bei nacho kiseme kweli: msusi kapata ngapi, mfuko wa karo za yatima umepata ngapi. Nimeshaona meza imeandikwa "saidia wajane", na mjane mwenyewe hajui kikapu chake kimeuzwa bei gani. Hiyo siiti sadaka.

Na kahawa ya mlimani isikosekane. Aibu kumkaribisha mgeni Kilimanjaro kwa kahawa ya kopo!

Wauza maandazi wasitozwe hela ya meza, maana ndio wanaowafanya watu wakae. Wengine wachangie turubai, na kila mtu aje na kiti chake.

Mama Mwanakikundi,
Moshi