Usimlipe fundi kwanza, shoga yangu

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo wote, mama anakusalimia sana na anasema asali ya Tabora uliyomletea imekwisha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na picha ya skrini nimeiona, ile yenye jumbe zinazoruka kwenye kompyuta ya steshenari yako kukwambia ni nzito na ina virusi. Nimeona heri nikuandikie, maana jambo lenyewe lina hatua, na hatua za kusikia kwenye simu hupotea. Hii barua iprinti uibandike ukutani, na binti anayekusaidia dukani aisome pia.

Hela ya fundi usiitoe. Anataka kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, na wewe una mafaili ya wateja humo: wasifu, barua za maombi, vyeti walivyoskani. Kinachokusumbua kinazimwa kwa dakika chache bila kugusa faili hata moja.

Elewa kwamba kwenye ile kona ya chini kulia wanasema wengi, na wote wanasema kompyuta yako ni nzito. Kwa hiyo kabla ya kuzima chochote, soma jina la anayesema. Limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ujumbe wenyewe. Ule uliokutisha, wenye pembetatu nyekundu na habari za virusi vitano, una alama ya Chrome na anwani ya tovuti ambayo bila shaka hata hujawahi kuisikia. Huo ni uongo. Tovuti haina uwezo wa kuingia kwenye diski yako ikahesabu virusi. Inachoweza ni kukutumia arifa, na inaweza hilo kwa sababu mtu fulani aliyekaa kwenye hiyo kompyuta alibonyeza “Ruhusu”. Wanajua kumnasa mtu: unatafuta mechi au wimbo wa kupakua, unafunguka ukurasa unaokwambia bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Ukishabonyeza, wana ruhusa ya kukutumia wanachotaka kila Chrome inapokuwa wazi, hata kama ukurasa wao ulishaufunga zamani. Dukani, ambako kila mteja anashika kipanya, nani atajua ilikuwa lini?

Hii ndiyo ya kuanza nayo leo. Fungua Chrome, bonyeza vidoti vitatu vya juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Kama yako iko kwa Kiingereza, andika tu chrome://settings/content/notifications pale juu unapoandika anwani, utafika palepale. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kila usiyoitambua, bonyeza vidoti vyake vitatu na uizuie. Ukiiondoa tu, inaweza kuja kuomba ruhusa tena. Halafu, hapohapo juu, chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa kabisa. Kwa kompyuta ya steshenari sioni sababu ya tovuti yoyote kuruhusiwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja kwangu msimu wa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Alikuwa na laptop ya kaka yake, anajaza fomu, vyeti vyake vya RITA, ile ofisi ya vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, viko tayari. Kila akitaka kubonyeza cha kuendelea, ujumbe unaruka unafunika kitufe. Safari moja kidole kikaangukia kwenye ujumbe, skrini nzima ikawa nyekundu, king'ora kinalia, na namba ya simu kubwa katikati: piga sasa, usizime kompyuta. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Binti yako afundishwe: namba ile haipigwi kamwe. Anayepokea ni tapeli, atataka umruhusu aingie kwenye kompyuta yako, kisha atataka pesa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ichague Chrome kwenye orodha inayotokea, uifunge kwa nguvu. Ukifungua tena, usikubali irudishe kurasa za mwanzo.

Ujumbe wa pili kwenye picha yako unatoka kwenye antivairasi, ile programu ya kukinga virusi. Huo hausemi uongo, ila hauna faida kwako. Unakwambia programu fulani inatumia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, sana, na kweli inatumia, kwa kuwa umeiagiza iprinti kitabu kizima cha PDF. Hiyo ndiyo kazi yake! Fungua antivairasi yenyewe kutoka pale karibu na saa, ingia kwenye alama ya gia, tafuta sehemu inayohusu utendaji au arifa, uzime tahadhari za utendaji tu. Ulinzi uache kama ulivyo, hata mtu akikwambia unapunguza kasi.

Windows nayo ina porojo zake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia Mfumo kisha Arifa. Kila programu ina swichi yake, na kwenye ukurasa huohuo kuna vya kutoa tiki, vile vya vidokezo na mapendekezo. Lakini ujumbe wa Windows wa kwamba nafasi ya diski inakwisha usiuzime, shoga yangu. Huo ni wa kweli na unakupenda. Hamisha skani za zamani kwenye diski ya nje. Ukikuta pia tangazo kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa matunzo, hilo nalo ni kweli, yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Baada ya kuzima yote hayo kompyuta itanyamaza, ila haitakuwa nyepesi kwa sababu imenyamaza. Rudi kwenye ile Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, uzime zile ambazo huzitumii kila asubuhi. Angalia na ramu, ile kumbukumbu ambayo programu zilizo wazi hukaa: ikiwa imejaa kabla hata hujafungua kitu, hapo ndipo pa kuweka pesa uliyotaka kumpa fundi. Windows 10 ya biti 64 inakubali kuwaka kwa GB 2, lakini Chrome, Word na skana pamoja zitakuchosha. Sijui mashine yako ina ngapi. Iangalie, na unitumie picha ya ile orodha ya Arifa kabla hujazuia, niione.

Wasalimie nyumbani, na mwambie binti asiogope kubonyeza Zuia.

Shoga yako wa Ujiji